Mama wa Nyumbani Iko Muzuri

Televisheni zilifika hospitalini siku ya soko, juu ya lori la jeshi, zimefungwa katikati ya magodoro. Wagonjwa waliokuwa wanaota jua uani waliona magodoro yanashushwa, wakafurahi, maana vitanda vingi vya ile hospitali ya Butembo vilikuwa mbao tupu na mkeka juu. Halafu basoda, askari wa lile lori, wakafungua kamba, wakatoa televisheni, wakazipanga barazani kama watoto wa komunyo ya kwanza, na magodoro wakayarudisha ndani ya lori. Lori likaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya bakubwa wa wakati ule wa vita. Mgonjwa alale juu ya ubao, mradi awe na kitu cha kutazama.

Kila chumba kilipata televisheni moja. Iliwekwa juu ukutani, ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli, mtu asiibe wala asiguse. Waya zilipita darini mpaka kwenye bureau ya gestionnaire, msimamizi wa hospitali, na huko ndiko kulikuwa na mashine ya kaseti, moja tu kwa vyumba vyote. Mchana, groupe ya umeme, jenereta ya hospitali, ilipoanza kunguruma, kaseti aliyoiweka gestionnaire ndiyo iliyoonekana kila mahali. Kuizima haikuwezekana, kupunguza sauti haikuwezekana. Mwenye maumivu alitazama, mwenye kukata roho alitazama.

Malachie alikuwa chumba cha nne, kitanda cha karibu na dirisha. Alikuwa mfyatua matofali wa mtaa wa Mususa, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na kubeba udongo mbichi kulikuwa kumempa ngiri. Walikuwa wamempasua majuzi tu. Shati lake lilikuwa linakauka kwenye kamba nje, kwa hiyo alilala kifua wazi, shuka kiunoni. Wagonjwa wenzake walikuwa na wake zao wa kuwapikia na kuwaosha. Yeye alifuliwa na mama wa jirani yake wa kitanda, Jean-de-Dieu, kijana mchuuzi wa nguo aliyevunjika mguu lakini mdomo ukabaki mzima.

Mke wa Malachie, Kavuo, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Alikuwa ameenda kwa mama yake, kijijini Kalunguta, kuvuna maharage, homa ikamshika huko, wakampandisha gari kumleta Butembo. Kwenye barrière, kizuizi cha njiani, basoda walisimamisha gari, wakasema kila mtu ashuke, gari linatakiwa kubeba viti na makreti ya pombe kwa fête, sherehe ya Commissaire. Commissaire alikuwa mkubwa wa ile mouvement ya waasi iliyoshika mji. Barabara ilikuwa yake, basoda walikuwa wake, na fête pia ilikuwa yake. Kavuo walimlaza kwenye majani kando ya njia. Gari lingine lilipotokea, hakuwa tena na haja nalo.

Kwenye matanga, Malachie alisimama mbele ya wakwe zake wote akasema: "Ule mutu, hata siku moja akinisalimia, sitamujibu. Atasikia kimya tu." Mama Vagheni, mama wa Kavuo, alikuwa ndani na wanawake. Alimtuma kijana wake Nzanzu atoke na jibu: "Mama anasema umesema kama mwanaume. Lakini Ornella atabaki kwake kwanza. Akiona neno lako linasimama, atakurudishia mutoto." Ornella alikuwa binti yao pekee, anayeanza kupoteza meno ya mbele. Malachie alikubali. Aliona ni haki. Na mwaka ule wote hakumsalimia mkubwa hata mmoja, jambo ambalo si gumu kwa mfyatua matofali, kwa sababu bakubwa hawapiti njia ya udongo.

Sasa Commissaire alikuja kuzindua televisheni.

Alikuja na manukato yake, na suti, na walinzi, na mpiga kamera aitwaye Fadhili, ambaye kwa kawaida alipiga picha za harusi kule Beni. Walipita vyumba vya kwanza bila kusimama. Chumba cha nne kilikuwa na mwanga mzuri wa dirisha. Fadhili akasema: "Hapa, Excellence. Huyu papa anaonekana." Na Commissaire akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha Malachie, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

Malachie alikuwa tayari. Tangu asubuhi alikuwa amejiandaa kunyamaza, meno yamekazwa.

"Jambo, papa."

Mikono ya yule mtu ilikuwa laini na yenye joto. Alimtazama usoni, kama mtu anayesubiri kwa kweli.

"Jambo, baba," Malachie akasema.

"Walikupasua?"

"Ndiyo, baba."

"Unapata chakula?"

"Ninapata, baba."

"Na hii tele, inakusaidia kusahau maumivu?"

"Inasaidia. Aksanti."

"Muzuri sana. Na mama wa nyumbani, iko muzuri?"

"Iko muzuri, baba. Aksanti sana."

Commissaire alikuwa ameshasimama.

Mtu wa mbali anaweza kucheka, lakini watu wa pale wanajua namna salamu inavyokwenda. Ukiulizwa habari za nyumbani, kwanza unasema muzuri, hata kama nyumba imeungua. Ukisema mabaya mara moja unakuwa kama unamtupia mgeni jiwe. Unasema muzuri, mwenzako anatulia, ndipo unasema: ila. Muzuri, ila mtoto anaumwa. Muzuri, ila tumezika. Kila mtu anaingoja hiyo ila, na habari yenyewe iko huko. Malachie alikuwa ameshafungua mdomo kwa ajili ya ila. Aliuona mgongo wa suti unatoka mlangoni. Bakubwa hawangoji ila ya mtu.

Jean-de-Dieu alimtazama kutoka kitanda chake. "Papa Malachie," alisema polepole, "si ulituambia bibi yako alikufa?"

Malachie aligeukia ukuta.

Kama ingeishia hapo, aibu ingekuwa ya chumba kimoja. Lakini siku zilizofuata, kila mchana groupe iliponguruma, filamu haikuanza mara moja. Kwanza ilianza muziki wa fanfare, halafu bendera ya mouvement, halafu hospitali, halafu Malachie mwenyewe, kifua wazi, bandeji inaonekana, mkono wake umemezwa na mikono ya Commissaire. Iko muzuri, baba. Aksanti sana. Ndipo filamu.

Hakujua kwamba sauti yake ni nyembamba hivyo. Hakujua kwamba anatabasamu. Na alitabasamu kweli, meno yote nje, kama mtu aliyepewa ng'ombe.

"Muzee, ulitoka muzuri," Jean-de-Dieu alisema. "Mimi mbona hawakunichukua? Nina sura kukupita."

"Nyamaza."

"Ninasema tu. Ungekohoa hata kidogo. Ungefunga macho. Mugonjwa anaruhusiwa kufunga macho."

Hilo lilimwingia Malachie kuliko kisu cha daktari, maana lilikuwa kweli. Angeweza kufunga macho.

Akajikokota mpaka bureau ya gestionnaire, mkono kwenye kidonda, akaomba ile sehemu iondolewe. Gestionnaire alikuwa mtu mpole mwenye kalamu nyingi mfukoni.

"Papa, si mimi nilitengeneza. Kaseti ni ya mouvement. Mimi ninaingiza tu ndani ya mashine."

"Basi usiingize."

"Nisipoingiza, kesho kutakuwa mwingine hapa mwenye kuingiza, na mimi sijui nitakuwa wapi. Na tena, papa, hata nikiitoa hapa, wako nayo Beni. Walipeleka tele kule pia. Kaseti ni ileile."

Malachie alifikiri: Beni ni mbali, wakwe wako Kalunguta, na Kalunguta hakuna televisheni. Alijifariji na hilo mpaka siku Nzanzu alipokuja kumtembelea, kofia mkononi, macho chini.

"Shemeji, mama alianguka mu shamba. Kiuno. Tulimupeleka Beni, ku hospitali."

"Lini?"

"Iko wiki sasa. Tele iko mbele ya kitanda chake kabisa."

Nzanzu alikuwa ameleta ndizi. Aliziweka juu ya kitanda, akakaa kidogo na kumsikiliza Jean-de-Dieu akizungumza peke yake, halafu akaaga.

Malachie aliondoka kabla ya nyuzi kutolewa. Infirmière, muuguzi wa chumba, alimkataza, akamwambia kidonda kitafunguka. Malachie akavaa shati akatoka. Alipanda juu ya magunia ya lori moja la kwenda Beni, akashikilia tumbo lake kila shimo, na barabara ile wakati ule ilikuwa mashimo tupu, kodi zinalipwa kila barrière na hakuna jiwe moja lililowekwa. Njia nzima alitafuta maneno. Atasema alishikwa mkono. Atasema alikuwa na homa. Atasema Fadhili alimwambia atabasamu. Kila neno alilolipata lilikuwa kweli kidogo, na kila moja lilimtia aibu zaidi.

Alifika mchana. Hospitali ya Beni ilikuwa na baraza refu, na chumba cha wanawake kilikuwa mwisho wake. Kwenye benchi la nje alikaa soda mmoja, askari wa mouvement, kichwa kimefungwa bandeji. Malachie alisimama kando ya mlango, mgongo ukutani, asionekane na walio ndani. Mkwe haingii mahali mama-mkwe wake analala. Hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia kwenye majani. Hiyo haina hospitali wala vita.

"Hodi," alisema.

"Karibu. Ni nani?"

"Ni mukwe ya mama Vagheni. Nimefika kumusalimia."

Akatoka mwanamke mwenye mtandio na mkono ndani ya plasta, Hadidja, mke wa mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, aliyekuwa kitanda cha pili. Alimtazama Malachie, akainamisha kichwa upande, akamtazama tena.

"Eh," alisema. "Bamama, ni papa wa tele. Leo amevaa shati."

Chumba kikacheka. Sauti moja ikaita kutoka ndani: "Papa, mama wa nyumbani iko muzuri?" Na wengine wakaitikia pamoja kama misa: "Iko muzuri, baba. Aksanti sana."

Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wagonjwa waliochoka, na kitu hicho kiliwafurahisha.

"Usikasirike, papa," Hadidja alisema. "Tumekusikia mpaka tunakujua kama sala. Mama Vagheni ndiye peke yake hakupendi. Ukitokea tu ku tele, anajifunika kichwa na kikwembe mpaka uishe. Sisi tulifikiri anaogopa basoda. Kumbe ni mukwe wake iko kifua wazi mbele yake." Akashusha sauti. "Mais si makosa yako. Ni bale ba kamera."

Malachie hakuwa amelifikiria hilo. Yeye aliyesimama nje kwa heshima alikuwa ameingia chumbani humo kila mchana, nusu uchi, akaketi mbele ya mama-mkwe wake kitandani na kutabasamu.

"Hadidja." Sauti ilitoka ndani, ya mwanamke mzee, si kali.

"Mama."

"Umwambie mukwe wangu nimeshukuru juu ya kufika."

"Papa, anasema ameshukuru."

"Nimesikia. Umwambie nasikia huruma juu ya kiuno chake."

"Umuulize, kidonda?"

"Inapona."

"Matofali?"

"Inakauka, mama."

Wakaenda hivyo, Hadidja akipokea na kupeleka maneno ambayo wote wawili waliyasikia bila yeye. Malachie alianza kupumua. Pengine itapita, alifikiri. Pengine watu wazima wanaweza kukubaliana kutozungumza jambo. Ndipo groupe ikaanza kunguruma nyuma ya jiko, na fanfare ikapiga.

Alisikia kitambaa kikivutwa ndani. Hadidja alitazama chini. Hata wale waliocheka walinyamaza, maana sasa mtu alikuwa pale mlangoni na pia alikuwa ndani, na hawakujua wamcheke yupi. Sauti nyembamba ikasema ndiyo baba, ninapata baba, inasaidia. Na mama wa nyumbani? Iko muzuri, baba. Aksanti sana.

"Hadidja," sauti ikasema, sasa kutoka chini ya kikwembe. "Umemusikia. Kila siku anasema muzuri. Na mimi kila siku nangojea aseme ila. Nangojea, filme inaanza, hajasema. Sasa iko hapa. Umuulize. Muzuri, ila nini?"

Hadidja aligeuka. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na alikuwa ameanza kuelewa.

"Papa," alisema. "Anauliza, ila nini?"

Soda wa benchini aliinua kichwa.

"Ila alikufa," Malachie akasema.

"Anasema nini?" mama Vagheni akauliza.

"Sikusikia, mama. Ile filme inapiga kelele. Papa, sema kwa nguvu."

Ilikuwa filamu ya karate, watu wanavunjiana mbao. Malachie alimtazama yule soda, na yule soda alimtazama yeye, na kwa muda huo mdogo Malachie aliona tena kwamba anaweza kufunga macho, kushika kidonda, kusema maumivu yamemzidi. Hakuna mtu angemlaumu mgonjwa. Akaona pia kwamba hilo ndilo alilokuwa akilifanya maisha yake yote, na ndilo bakubwa wanalolitegemea asubuhi wanapoamka.

"Bibi yangu Kavuo alikufa," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, ikapasuka katikati. "Alikuwa mu gari na homa. Basoda ba ule Commissaire balimushusha ku barrière juu ya kubeba viti na pombe za fête yake. Alikufa mu majani. Mimi nilimushika ule mutu mukono, nikamwambia iko muzuri. Nikamwambia aksanti."

Ndani ya kizimba cha chuma mtu mmoja alivunja mbao kwa kichwa.

"Ni barrière gani, papa?" yule soda akauliza.

Malachie akamtajia.

Soda alitazama miguu yake. "Sikuwa kule," alisema. "Mimi balinileta nyuma ya ile mambo." Alisogea mpaka mwisho wa benchi, ingawa hakuna aliyetaka kukaa.

Wanawake walimngoja mama Vagheni. Hata Hadidja, ambaye neno halikai mdomoni mwake, alingoja.

"Umwambie nimesikia," hatimaye alisema. "Umwambie na bote bamesikia. Ni vizuri." Akavuta pumzi, kiuno kilimuuma. "Umwambie pia, ni mimi niliuliza."

"Anasema ni yeye aliuliza."

"Ninajua, mama," Malachie akasema.

"Ornella atabaki. Siku nitasikia amesema vile bila mutu kumuuliza, mahali mimi siko, nitamutuma Nzanzu na mutoto na nguo zake zote. Kabla ya hapo, hapana."

Hadidja alifungua mdomo ayapeleke maneno hayo, akaona uso wa Malachie, akaacha.

Angetaka kutukanwa. Mtu akikutukana unaweza kujibu, au kuondoka kwa hasira na kumlaumu njia nzima. Huyu alikuwa amepima tu, kama mtu anayepima unga, na kipimo kilikuwa sawa. Malachie alisema: "Nimesikia, mama. Upone." Akarudi nyuma barazani, akapita mlango mmoja baada ya mwingine, na ndani ya kila chumba watu walikuwa wanatazama karate.

Nzanzu alimkuta nyuma ya jiko, amekaa kwenye tofali, damu kidogo imetokea kwenye shati. Alikuwa na sahani ya bugali na maharage, imefunikwa na sahani nyingine.

"Kula, shemeji."

"Sina njaa."

"Ni mama amesema upewe. Alisema umetoka mbali." Nzanzu akafunua sahani. "Ni chakula chake ya leo. Sisi tumemwambia tutakupikia ingine. Alikataa."

Malachie aliipokea sahani. Chakula cha wakwe hakirudishwi; kukirudisha kungekuwa tusi jipya juu ya la zamani. Wanawake waliokuwa wanapepea moto karibu walimtambua, mmoja akamnong'oneza mwenzake, na wote wawili wakageuza macho kwa adabu. Maharage yalikuwa ya Kalunguta, aliyajua kwa ladha. Alikula akiwa ameinama, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikawa tupu, na Nzanzu alisimama mbele yake kumkinga na watu.